Ngalawa Zimefikaje Kibirizi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji, nyumbani ni Ujiji. Muhula huu tulipewa kazi ya kuchagua msanii tunayempenda, kisha tutengeneze kazi yetu kwa kuvutiwa na ya kwake. Nilimchagua mchoraji mmoja wa pwani niliyemwona kwenye simu. Ana picha ya ngalawa usiku, zimetazamwa kutoka juu, kila moja na taa yake, na mwezi mkubwa unaakisi majini katikati. Nikachora wavuvi wa dagaa wa kwetu Kibirizi kwa mtindo huo. Rangi nilibadilisha zote: yake ni ya buluu, yangu ni zambarau na chungwa. Nikaongeza vyombo viwili na milima ya Kongo kwa mbali. Mwalimu alinisifu na nikapata alama nzuri. Baadaye mwenzangu akaipata picha ya yule msanii, akaziweka zote mbili kwenye grupu la darasa na kuandika 'tafuteni tofauti'. Tangu siku hiyo naitwa Fotokopi. Hata baba mdogo, ambaye ni mvuvi, alipoiona alicheka, akaniuliza ngalawa zimefikaje Kibirizi.

Mwezi ujao tuna maonyesho, na kuna nyumba ya wageni hapa mjini imekubali kuinunua picha kwa laki mbili na nusu. Wamenipa kianzio cha elfu themanini, nimeshanunulia rangi. Nimesikia ukibadilisha asilimia thelathini ya picha inakuwa yako. Wengine wanasema kama msanii hakuweka alama ya hakimiliki hakuna shida, au niandike jina lake chini yaishe. Mimi nimefika mahali sitaki tena kutazama kazi ya mtu, nichore ya kichwani mwangu tu. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Picha zote mbili ulizonitumia nimezitazama, kwanza moja moja, kisha zikiwa bega kwa bega. Sitakuzungusha: mwenzako alikosea kukuanika kwenye grupu, lakini jicho lake halikukosea. Picha yako imesimama juu ya mifupa ya picha ya yule msanii. Uliambiwa umfuate msanii, ukamfuata, na inaelekea hakuna aliyekaa na wewe kukuonyesha kufuata kunaishia wapi. Kwa hiyo neno wizi liweke pembeni kwanza. Ulichonacho mkononi ni zoezi zuri ambalo limetaka kuuzwa kabla halijaisha.

Nianze na baba mdogo, maana katika wote walioitazama picha yako, yeye ndiye mhakiki bora. Ngalawa ni chombo cha pwani: gogo lililochongwa, na pande zote mbili limewekewa mabawa ya mbao yasiyoliacha lipinduke kwenye mawimbi ya bahari. Wavuvi wengi wa dagaa wa Kigoma hufanya vingine kabisa. Hufunga mitumbwi miwili kwa miti ikawa kama chombo kimoja, wavu ukashushwa chini, taa zikawashwa juu ya maji; dagaa wakishajaa kwenye mwanga, wavu unainuliwa. Wewe ni mtoto wa Ujiji, vyombo hivyo umeviona kabla hujajua kuandika jina lako. Mkono wako ulipataje kuchora mabawa yale? Uliyapata kwa sababu macho yalikuwa kwenye kioo cha simu, na mkono hufuata macho. Haujali umezaliwa wapi.

Kosa la pili baba mdogo hakulitaja, pengine kwa huruma. Ni ule mwezi. Dagaa huifuata taa kwa sababu pande zote ni giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa inapoteza nguvu yake ya kuwaita, na ndiyo maana siku za mwezi mpevu wavuvi wa taa hukaa nchi kavu wakashona nyavu. Kwenye picha ya yule msanii mwezi una kazi yake: vyombo vyake havivui, vinarudi nyumbani, na njia ya mwanga juu ya maji ndiyo inayolivuta jicho kutoka pembe ya chini mpaka juu. Wewe umeuchukua mwezi ukauweka palepale, halafu ukawapeleka wanaume wa Kibirizi kazini usiku ambao wangekuwa wamelala.

La tatu ni milima. Hii ndiyo sehemu pekee ya picha uliyoibuni mwenyewe, na ndiyo inayoonekana kubandikwa. Sababu yake si udhaifu wa mkono. Mtu akitazama chombo kutoka juu kabisa, kiasi cha kuona sakafu yake na vichwa vya watu, upeo wa macho hauingii kwenye picha. Anachokiona ni maji mpaka pembezoni. Milima ya ng'ambo anaionaje? Yule msanii alishachagua mahali pa kusimama, na pale aliposimama hakuna milima. Ulipoiongeza ukawa umesimama sehemu mbili kwa wakati mmoja, na mtazamaji, hata asiyejua neno moja la kanuni za mtazamo, anahisi kuna kitu hakijakaa.

Nimeyachambua haya kwa urefu kwa sababu jibu la maswali yako mengine yote limo humo. Picha ni rundo la maamuzi. Nisimame wapi? Nikate wapi? Kipi kiwe kikubwa, kipi kipotee gizani? Mwanga utoke upande gani? Jicho liingilie wapi na litokee wapi? Kila uamuzi unabeba mwenzake, kama pindo na mikunjo ya gauni lililokatwa kwa kipimo cha mtu fulani. Ukilichukua gauni hilo ukalitia rangi nyingine na kuongeza vifungo viwili, bado ni mabega ya yule yule. Wewe ulibadilisha rangi na idadi ya vyombo. Maamuzi mazito hukuyagusa, na hukuyagusa kwa sababu picha iliyokamilika huyaficha: humwonyesha mtazamaji majibu tu, bila kumwonyesha msanii alivyohangaika kuyapata. Ndiyo maana kuchora kwa kutazama picha ya mtu ni rahisi kuliko kuchora kwa kutazama ziwa. Ziwa halijakuamulia chochote.

Sasa hayo uliyoyasikia mitaani.

Asilimia thelathini haipo. Sijui nani aliizaa habari hii, ila imezunguka vyuo na karakana mpaka watu wanaitaja kama kifungu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, haina kipimo cha namna hiyo. Kinachotazamwa ni kama umechukua sehemu ya maana ya ubunifu wa mwenzako, na miongoni mwa haki za msanii ni kuamua nani aigeuze kazi yake kuwa kitu kingine. Hata kubadili malighafi hakusaidii. Mwaka 1988 msanii wa Marekani, Jeff Koons, alichukua kadi yenye picha ya mpiga picha Art Rogers, mume na mke wameketi wamepakata watoto wa mbwa, akaagiza ichongwe kuwa sanamu ya mbao. Mbwa wakapakwa buluu, watu wakawekewa maua kichwani. Picha bapa ikawa sanamu, nyeusi na nyeupe ikawa ya rangi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa kule New York ikasema bado amechukua cha mwenzake. Sheria yao si yetu, lakini ukiitazama mifupa utaona kwa nini majaji hawakubabaika.

Alama ya hakimiliki nayo si sharti. Tanzania iliingia mwaka 1994 kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na msingi mmoja wa mkataba huo ni kwamba haki inazaliwa pamoja na kazi, haingoji alama wala usajili. Picha uliyochora jana usiku kwa penseli ina ulinzi uleule. Kusajili kazi COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunasaidia kuthibitisha kuwa ni yako ukitokea ugomvi, lakini haki yenyewe haitoki kwenye cheti.

La kuandika jina lake chini ndilo linalowachanganya wengi, hata walimu wenzangu. Hapa kuna mambo mawili yanayofanana sura. Kumtaja msanii ni suala la ukweli: unawaambia watu ulitoa wapi, ili wasikusifu kwa kisicho chako. Kuomba ruhusa ni suala la mali: yeye ndiye mwenye kuamua kama kazi iliyojengwa juu ya yake iuzwe. Ukimtaja bila ruhusa umekuwa mkweli, ila bado unauza cha watu. Ukipata ruhusa kisha ukaficha jina lake, umeuza kihalali na bado umedanganya darasa. Kwenye daftari lako la mazoezi kumtaja kunatosha, kwa sababu sheria inaacha nafasi ya mtu kujifunza na mwalimu kufundisha. Ukutani penye bei, unahitaji vyote viwili.

Kuna kitu ambacho hakuna wa kukuzuia: mada na mtindo. Vyombo vya uvuvi usiku si mali ya msanii yeyote. Kutazama kutoka juu si mali ya mtu. Kupaka rangi bapa zenye mstari mweusi pembeni, vilevile. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya vibao vya mraba, na wapo wanaoandika kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametazama kazi za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi. Vijana aliokuwa amekaa nao, wengi wao jamaa zake, waliendelea, na leo mtindo umebeba jina lake na umelisha familia nyingi. Hakuna aliyewashitaki, wala hapakuwa na cha kushitakia, kwa sababu mtindo ni njia ya wote. Lakini chui fulani wa mchoraji fulani aliye hai, amepinda mgongo hivi, ndege watatu juu yake hivi, mkia umezunguka mti hivi, ni wa mchoraji huyo. Najua maduka ya zawadi yamejaa chui wa aina hiyo, na kila muuzaji atakuapia ni wake. Hilo halibadilishi hesabu, linaonyesha tu kwamba watu wamechoka kudai.

Nije kwenye sentensi yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko laki mbili na nusu. Unataka usitazame tena kazi ya mtu, uchore ya kichwani tu. Mwanangu, kichwani hakuna picha ambayo haikuingia kwa macho. Ukifunga mlango leo, utakachochora kesho ni vile vilivyoingia jana bila wewe kujua: kalenda ya ukutani, nembo za mabasi, vibonzo vya utotoni, na ngalawa zilezile. Tofauti ni kwamba sasa hutajua zilitoka wapi. Anayetazama kwa makini anajua deni lake liko kwa nani. Asiyetazama hukopa gizani.

Dawa ya kuathiriwa na msanii mmoja ni kuwatazama wengi zaidi, na kuwatazama kwa namna nyingine. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alinakili sana, na hakuona aibu. Mwaka 1887 akiwa Paris alinakili picha za Hiroshige wa Japani kwa kupitisha mistari juu yake, akajaza rangi. Baadaye, mwaka 1889 na 1890, akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, alichora upya kazi kadhaa za Millet, Mfaransa aliyewachora wakulima, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Hapa pana jambo ambalo nataka ulishike: alichokuwa nacho mbele yake ni chapa, yaani nakala zilizochapishwa, za nyeusi na nyeupe. Rangi hazikuwepo. Kwa hiyo kila rangi ilimbidi aiamue yeye, na akamwandikia nduguye Theo kwamba anajiona kama mpiga muziki anayepiga tungo za Beethoven kwa namna yake. Pengo lililokuwa kwenye chapa zile ndilo lililomlazimisha abuni. Wewe simu yako haikukuachia pengo. Ilikupa kila kitu, mpaka kivuli cha kasia.

Basi tutengeneze mapengo. Chukua picha ya yule msanii, itazame kwa muda mrefu bila kalamu. Halafu izime, ufungue kitabu chako cha kuchorea na uandike kwa maneno, siyo kwa michoro, ni nini hasa kilikushika. Usiandike "imenivutia" wala "ina rangi nzuri". Andika mpaka ufike kwenye kitu kinachoshikika. Kwa barua yako mimi nahisi si ngalawa zilizokushika, wala mwezi. Nahisi ni ule udogo wa binadamu, nukta ya mwanga katikati ya weusi mkubwa, na namna kila taa ilivyo peke yake. Labda nimekosa, wewe ndiye unayejua. Lakini ukilipata jambo hilo kwa maneno, umepata kitu ambacho unaweza kukichukua bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu ni swali alilolijibu yeye kwa njia yake, na wewe bado hujalijibu kwa njia yako.

Kisha picha yake usiitazame tena mpaka kazi yako iishe. Hapa ndipo wanafunzi wengi hushindwa. Wanaiweka simu pembeni ya ubao "kwa kukumbushia tu", na kila mkono unapokwama jicho linakimbilia kule. Acha mkono ukwame. Chora kwa kumbukumbu, na usishangae kumbukumbu ikikosea, maana huo ndio msaada wake: inatupa visivyo vyako na kubakiza vilivyokugusa. Ukichora kesho yake utaona ngalawa zimeanza kupotea zenyewe.

Ukishajua unatafuta nini, shuka ziwani. Usiende peke yako wala usiende usiku wa manane. Nenda na baba mdogo, tena mwombe kwa heshima kama mwanafunzi anavyomwomba fundi. Jioni pale Kibirizi vyombo vinapotayarishwa, chora vinavyofungwa, taa zinavyokaa, watu wanavyoinama. Chora kwa mkaa au penseli laini, michoro midogo ya ukubwa wa kiberiti, mingi, bila kufuta. Muulize kwa nini taa imewekwa hapo na siyo pale. Muulize usiku wanasikia nini kabla ya kuinua wavu. Asubuhi rudi uone dagaa wakianikwa. Halafu siku nyingine, usiku wa giza, panda na mtu wa nyumbani kwenye mteremko wowote wa mji unaotazama ziwa, mkae kimya. Kutoka pale vyombo havionekani kabisa. Zinaonekana taa tu, zimejipanga mbali kama kuna mji mwingine juu ya maji, na mstari wa ng'ambo huujui kama ni mlima au ni wingu. Yule msanii wa pwani hana mahali hapo pa kusimama. Wewe unapo. Na ukiamua bado unataka kutazama kutoka juu, sawa, lakini sasa utajua unatazama nini: mitumbwi miwili na mraba wa maji yenye mwanga katikati yake, umbo ambalo kwenye ngalawa zake halimo.

Sikuahidi kwamba itakuwa nzuri kama ile. Pengine picha ya kwanza itakuwa dhaifu zaidi, na utatamani kurudi kwenye simu. Ile ya zamani ilikuwa imesimama kwa miguu ya mtu mwenye uzoefu. Hii itasimama kwa miguu yako, ambayo bado ni miembamba. Mwalimu anayejua kazi yake ataiona tofauti hiyo na ataipenda. Hapo pia ongeza wasanii wengine wawili au watatu wasiofanana kabisa na yule wa kwanza. Mmoja umtazame kwa ajili ya giza, mwingine kwa ajili ya umbo la binadamu. Anayejifunza kwa mmoja humfanana. Wakizidi, wanaanza kugombana ndani ya picha yako, na wewe ndiye utakayewaamulia.

Kila hatua weka kwenye kitabu cha kuchorea pamoja na tarehe, na majina ya uliowatazama. Kinakulinda: siku mtu akikuambia umenakili, unamfungulia kurasa.

Sasa maonyesho na hiyo nyumba ya wageni. Njia ziko kadhaa na nitakueleza ninavyozipima.

Unaweza kumwandikia yule msanii. Wanafunzi huogopa hili kana kwamba wanamwandikia waziri, kumbe wasanii wengi hufurahi kusikia kazi yao imefika Ujiji. Andika kifupi na uambatanishe picha zote mbili: "Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji Kigoma. Kwa zoezi la darasani nilichora picha hii kwa kufuata mpangilio wa picha yako. Imepata mnunuzi wa laki mbili na nusu. Naomba kujua kama unaridhia iuzwe jina lako likiwa limetajwa, na kwa masharti gani. Usiporidhia sitaiuza." Akikubali, hifadhi maandishi yake. Akitaka sehemu ya fedha, ni haki yake kutaka. Akikataa, imeisha, usibembeleze. Akikaa kimya, kimya si ruhusa, hata kama umeona alama kwamba ujumbe umesomwa.

Unaweza kuiweka kwenye maonyesho kama zoezi, haiuzwi, na kibandiko kinachosema wazi: "Zoezi la kujifunza, kwa kufuata mpangilio wa picha ya fulani." Zungumza kwanza na mwalimu wako na waandaaji, kwa sababu kanuni za maonyesho ni zao. Mimi naipenda njia hii ukiiweka pamoja na picha mpya pembeni yake, na michoro ya Kibirizi katikati. Atakayepita ataona safari nzima, na jina Fotokopi litakosa pa kushika.

Unaweza pia kuiuza kimya kimya na kutumaini hakuna atakayejua. Nakutajia hii kwa sababu najua umeifikiria. Mwaka 2008 Shepard Fairey, msanii wa Marekani, alitengeneza bango la Barack Obama lililozunguka dunia nzima, kwa kutumia picha iliyopigwa mwaka 2006 na Mannie Garcia wa shirika la habari la Associated Press. Ugomvi wa hakimiliki ulimalizika mwaka 2011 kwa makubaliano. Kilichomponza zaidi ni kwamba kesi ikiwa inaendelea alidai alitumia picha nyingine, akafuta mafaili na kutengeneza ushahidi wa uongo. Mwaka 2012 akakiri kosa la jinai, akapigwa faini na kuwekwa chini ya uangalizi. Kudaiwa kuhusu chanzo ni jambo la kuzungumzika. Kukificha kunafungua kesi nyingine. Na wewe picha zako zote mbili ziko tayari kwenye simu za darasa zima.

Ushauri wangu, kama ningekuwa mzazi wako: ya zamani usiiuze, na nenda kwa mwenye nyumba ya wageni wiki hii, kabla hajasikia kwa mwingine. Mwambie umegundua picha ile imefuata sana kazi ya msanii mwingine na hutaki kumuuzia kitu kitakachomletea maswali ukutani kwake. Mwambie unachora nyingine ya wavuvi wa Kibirizi na utamwonyesha michoro ya awali. Akikubali kungoja, kianzio kinahamia kwenye picha mpya. Muandikishiane karatasi yenye tarehe, bei, kiasi kilichotolewa na siku ya kukabidhi, na asaini kila mmoja. Akitaka fedha yake, ni yake. Elfu themanini umeshainunulia rangi, kwa hiyo mpangie namna ya kuirudisha kidogo kidogo badala ya kumkimbia. Na kama hujafikisha miaka 18, usiende bila mzazi au mlezi, kwa sababu makubaliano yako peke yako hayana uzito kisheria na yatakusumbua wewe na yeye.

Alama ulizopata darasani usizidai wala usizikane kupitia grupu. Mfuate mwalimu ofisini, umwonyeshe picha zote mbili mwenyewe, umweleze ulivyoelewa zoezi. Kama kanuni za chuo zinasema lolote kuhusu kunakili, yeye ndiye atakayekuambia zinakugusa au hapana, na kuambiwa na mwanafunzi mwenyewe ni tofauti kabisa na kuletewa na wengine. Yule aliyeweka picha kwenye grupu umwache. Ukipata nafasi ya kuzungumza naye pembeni mwambie jicho lake ni zuri, akusaidie kuitazama na hii mpya kabla haijakauka.

Haya niliyoyaandika kuhusu sheria ni ya kukufungua macho. Hayawezi kuchukua nafasi ya mtu anayekaa na karatasi zako mezani. Ukipokea ujumbe wa madai kutoka kwa yule msanii au wakili wake, ukiletewa mkataba wa kusaini, au mtu akitaka kuchapisha picha yako kwenye fulana, kalenda au tangazo, usijibu siku hiyo hiyo. Wasiliana na COSOTA, na pale halmashauri mwone afisa utamaduni akuelekeze pa kupata msaada wa kisheria. Beba picha zote mbili zilizochapishwa kwa ukubwa unaoonekana, ujumbe wote ulioandikiana na msanii na mnunuzi, karatasi ya kianzio, na kitabu chako cha kuchorea.